Ukiritimba Huanza kwa Karatasi

Hotuba ya wakili kwa wanaharakati na waumini wa Kitui na Makueni



Nimeombwa nizungumze juu ya makampuni makubwa ya biashara, ya zamani na ya sasa, na nieleze kama kuna undugu wowote baina yao. Undugu upo, lakini haupo pale wengi wetu tunapoutafuta. Tumezoea kusema kwamba kampuni kubwa hutushinda kwa sababu ina fedha nyingi. Fedha inazo, sikatai. Hata hivyo, nikiisoma historia ya nchi hii kwa jicho la kazi yangu, ambayo ni kusoma hati, naona ya kuwa ni nadra sana kampuni kushika soko lote la watu kwa fedha peke yake, au kwa bidii ya kazi peke yake. Kabla ya mzigo wa kwanza kununuliwa huwapo karatasi: hati, leseni, amri, kibali au mkataba. Karatasi hiyo hutolewa na mwenye serikali, nayo husema, kwa maneno ya wazi au ya kuficha, kwamba huyu apite na wengine wazuiwe. Huo ndio ukiritimba: soko lenye mlango mmoja, na bawabu wa mlango amevaa sare ya Serikali.

Watu wa pwani waliyajua haya kabla yetu. Wareno walipoingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15, waliwakuta wafanyabiashara wa Kilwa, Mombasa, Malindi, Gujarati na Arabuni wakibadilishana mali kama walivyofanya kwa karne nyingi, kila mmoja na chombo chake. Wareno hawakuwa na bidhaa bora kuliko hao. Walicholeta ni mizinga, na karatasi iliyoitwa kartazi. Chombo kisichokuwa na karatasi hiyo kilikamatwa na shehena yake kuporwa. Mwaka 1505 waliipiga Kilwa na Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Mombasa ngome ya mizinga, wakaipa jina la Yesu. Sisi tulio watu wa kanisa tungefaa kulitafakari jina hilo siku tunapowapeleka watoto wa shule kuitazama ngome ile.

Waingereza nao walifuata njia hiyohiyo. Siku ya mwisho ya mwaka 1600 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwapa wafanyabiashara wa London hati ya kufanya biashara ya Mashariki peke yao, na ndivyo ilivyozaliwa Kampuni ya India ya Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa na jeshi lake na kuwatoza kodi mamilioni ya watu. Haki yake ya kufanya biashara na India peke yake ilikwisha mwaka 1813, na ile ya China mwaka 1833. Haikuondolewa na mshindani aliyeuza kwa bei nafuu zaidi. Ilifutwa na Bunge. Kilichotolewa kwa karatasi kiliondolewa kwa karatasi, nami nawaomba mlikumbuke jambo hilo mpaka mwisho wa maneno yangu.

Na sisi huku bara je? Katika karne ya 19 wazee wetu wa Kitui walikuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa kwa misafara yao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Kivoi wa Mwenda, ambaye mwaka 1849 alimkaribisha nyumbani kwake mmisionari Krapf. Na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf alipouona mlima ambao baadaye uliipa nchi yetu jina. Sisemi kwamba Kivoi alikuwa malaika. Alikuwa tajiri, na matajiri hujua kujipendelea. Lakini mwenye pembe ambaye hakupendezwa na bei ya Kivoi aliweza kungoja msafara mwingine, na hakuna aliyemfunga kwa kufanya hivyo. Na watu wa pwani walipoanza kuleta misafara yao hadi bara, waliwashinda Wakamba katika sehemu za biashara hiyo kwa kushindana nao. Inauma, lakini ni biashara.

Sasa tufike kwenye kampuni iliyotuzaa kama nchi, kwa maana Kenya ilianza kama shughuli ya wenye hisa. Mwaka 1887 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimpa Mskoti William Mackinnon na wenzake haki ya kutawala pwani na kukusanya ushuru wa forodha kwa miaka 50. Mackinnon alikuwa mwenye meli. Meli zake ndizo zilizobeba barua za Serikali ya Uingereza hadi Unguja tangu mwaka 1872, kwa mkataba wa malipo, hivyo mnaona kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kuzijua faida za karatasi. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni yake, Imperial British East Africa Company, hati ya kifalme.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Hati ile ilikataza ukiritimba wa biashara. Naam, ilikataza! Ilisema kwamba hakuna neno lolote ndani yake litakalohesabiwa kuwa linairuhusu kampuni kuanzisha ukiritimba au kumpa mtu mwingine ukiritimba. Kisha papo hapo ikaongeza kwamba haki za benki, reli, bandari, telegrafu, maji na shughuli nyingine za namna hiyo hazitahesabiwa kuwa ukiritimba. Wakili aliyeiandika sentensi ile alistahili ujira wake! Ni mali gani inayobaki katika nchi baada ya kuondoa fedha, njia, bandari, habari na maji? Muuza shanga aliachwa huru. Lakini shanga zake zingepita bandari ya nani, na kwa njia ya nani?

Kampuni iliingia Ukambani mwaka 1889 kwa kuweka kituo Machakos. Mwaka 1890 ilianza kujenga barabara kutoka Mombasa kuelekea Kibwezi, hapa Makueni. Mwaka 1891 Mackinnon na wakurugenzi wenzake walitoa fedha ukaanzishwa Kibwezi umisheni wa Kiskoti, ambao ulihamia Kikuyu mwaka 1898 na kuwa mmoja wa mizizi ya kanisa la Presbiteri nchini. Nayasema haya bila kejeli. Wamisionari wale wengi walikufa kwa homa, na kazi yao haikuwa ya bure. Ila tusijidanganye kwamba kanisa lilikuja kwa njia moja na kampuni kwa nyingine. Zilikuja kwa barabara moja, na aliyeilipia alikuwa mmoja.

Maofisa wa kampuni walipita bara wakiwa na mikataba iliyokwisha kuchapishwa, yenye nafasi tupu ya jina la mzee wa mahali. Mzee aliweka alama, na kwa alama ile aliiweka nchi yake chini ya ulinzi wa watu ambao hakuwahi kuwaona. Nitarudi kwenye nafasi ile tupu.

Kampuni yenyewe haikupata faida. Ilifilisika polepole, na tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ikachukua utawala. Wenye hisa walilipwa pauni 250,000. Katika hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani wa Unguja, fedha alizopata kwa kuuziwa Wajerumani pwani yake ya kusini mwaka 1890. Pwani moja iliuzwa, na bei yake ikatumika kuikomboa nyingine kutoka kwa kampuni iliyokuwa imepewa bila kununua. Sijui darasa la uchumi linaliitaje jambo la namna hiyo. Sisi mawakili tunaliita mkataba mzuri kwa upande mmoja.

Ndugu zangu, wengi wetu tumefundishwa kwamba hadithi ya makampuni ya hati ilikwisha hapo mwaka 1895. Watu wa Ukambani hawana ruhusa ya kuamini hivyo, kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 1938.

Mnajua ya kuwa kampuni ya Liebig's ilikuwa kampuni ya nyama, mashuhuri duniani kwa supu ya Oxo na nyama ya mikebe, yenye mashamba makubwa huko Amerika ya Kusini na Rhodesia. Serikali ya kikoloni ilikubaliana nayo ijenge kiwanda Athi River. Kiwanda cha nyama hakiwezi kuendeshwa kwa ahadi, kinataka ng'ombe, tena wengi, kila juma, na kwa bei ambayo mwenye kiwanda anaimudu. Ng'ombe wa masetla walikuwa ghali. Waliokuwa karibu na kiwanda, na wengi, walikuwa ng'ombe wa Wakamba. Ugumu ni kwamba Wakamba hawakutaka kuwauza kwa bei ile.

Katika soko huru jambo hilo lina dawa moja, nayo ni kupandisha bei. Serikali ilichagua dawa nyingine. Ilisema kwamba milima ya Machakos inamomonyoka kwa sababu ya mifugo kuzidi, na kwa hiyo mifugo itapunguzwa kwa lazima. Mmomonyoko ulikuwako, aliyeiona ile milima katika picha za zamani hawezi kukana. Lakini wazee walijibu kwa swali ambalo hakuna ofisa aliyelijibu: mifugo imezidi kwa sababu imeongezeka, au kwa sababu malisho yetu yamechukuliwa na masetla, na Yatta tumefungiwa? Hata hivyo kanuni zilitolewa. Ng'ombe walihesabiwa. Wale walioruhusiwa kubaki walipigwa chapa, na waliozidi wakapelekwa mnadani. Mnada una wanunuzi wengi wanaopandishiana bei. Huu ulikuwa na wanunuzi wachache, Liebig's mbele yao, na muuzaji aliyeletwa na askari. Ukiangalia jina lake tu, ilikuwa biashara.

Nawaombeni mwone jinsi hoja njema ilivyotumika. Hakuna karatasi iliyosema "Wakamba wailishe Liebig's." Karatasi ilisema "hifadhi ya udongo". Ukiusoma waraka peke yake utaipongeza Serikali kwa kujali ardhi. Ni pale unapouweka waraka wa udongo kando ya mkataba wa kiwanda ndipo unapoona kwamba mkono ulioandika ni mmoja. Tangu siku nilipolielewa jambo hilo, sijapata kusoma waraka wa maendeleo bila kuuliza ni waraka gani mwingine uliotiwa sahihi mwaka huohuo.

Wazee wetu hawakuwa na mawakili. Walikuwa na chama chao, Ukamba Members Association, na kiongozi aliyeitwa Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai 1938 watu wapatao maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakurusha jiwe. Walikaa mjini majuma kadhaa, wakisema hawaondoki mpaka wasikilizwe. Serikali ilikuwa na sababu ya kuogopa, maana vijana wa Kikamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na ng'ombe waliokuwa wakiuzwa kwa nguvu walikuwa ng'ombe wa baba zao. Mwezi wa Agosti Gavana alilazimika kufika Machakos mwenyewe. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Chama chake kilipigwa marufuku mwaka 1940. Lakini uuzaji wa lazima ulikoma.

Leo jina lake limeandikwa kwenye barabara katikati ya Nairobi, na wengi wanaopita pale kununua maua na vitambaa hawajui kwamba aliwahi kufungiwa kisiwani kwa sababu ya ng'ombe. Kiwanda cha Athi River chenyewe baadaye kilikuwa cha Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950 na kupewa, kwa sheria, mamlaka makubwa juu ya nyama ya miji mikubwa. Mlango ulibadilishiwa bawabu.

Hilo latuleta kwenye ukiritimba wa Serikali yenyewe, ambao sisi wa harakati za vyama vingi hatukuusema vya kutosha. Nchi hii ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria tangu Juni 1982 hadi Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991. Katika miaka hiyo mahindi nayo yalikuwa na chama kimoja. Tangu udhibiti wa wakati wa vita, mwaka 1942, mtu hakuweza kuhamisha mahindi zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, na desturi hiyo iliendelea baada ya Uhuru mpaka mageuzi ya mwanzo wa miaka ya 1990. Wazee hapa wanakumbuka njaa ya mwaka 1984, ambayo Wakamba waliipa jina "Nikw'a ngwete", yaani nafa nikiwa na fedha mkononi. Njaa zetu zote zina majina: Ngomanisye ya mwaka 1898 na 1899, iliyofika kila mahali, ile ya ndege ya mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani. Lakini hili la 1984 ni jina la kisheria kabisa. Mwenye njaa anashuhudia kwamba fedha anazo, ng'ombe ameuza, na bado gorogoro la mahindi halionekani. Mvua ndiyo iliyokosa kwanza. Sitailaumu karatasi kwa ukame. Nailaumu kwa hili, kwamba mfanyabiashara mdogo aliyekuwa tayari kuleta mahindi kwa lori kutoka palipokuwa na akiba alilazimika kupitia kwa mtoa vibali, na mwenye rafiki ofisini alipita mbele yake.

Wahubiri hupenda kumsifu Yusufu kwa kujaza maghala ya Misri. Ni haki yao. Ila wasiishie hapo; wasome na sura ya 47 ya Kitabu cha Mwanzo, wakaone watu walivyoleta fedha zao kwanza, zilipokwisha wakaleta mifugo, mifugo ilipokwisha wakatoa ardhi zao na nafsi zao kwa Farao. Ghala lilikuwa moja. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya sura hiyo katika mwaka wa njaa, nami nikiwa muumini wa kawaida nalileta ombi hilo kwa baba zetu walioketi mbele.

Mfumo wa chama kimoja ulipokufa, tuliambiwa kwamba soko nalo limekuwa huru. Vibali vya mahindi vilifutwa, bodi ya pamba ikapoteza nguvu zake za kununua peke yake, mashirika ya umma yakauzwa. Tulipiga vigelegele. Tulidhani kwamba mlango wa siasa ukifunguka na ule wa biashara hufunguka pamoja nao.

Chukueni mfano wa fedha za simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na sitasimama hapa niitukane. Mama wa Mutomo anayepokea fedha za mwanawe aliyeko Mombasa kwa dakika moja anajua thamani yake kuliko mimi. Lakini ilipoenea, mawakala wenye vibanda walifungwa na masharti ya kutofanya kazi ya washindani, mpaka Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia kati mwaka 2014 na Safaricom ikakubali kuwaacha huru. Kutuma fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kukaanza mwaka 2018. Miaka 11 tangu kuanza! Na kumbukeni kwamba hisa za kampuni hiyo zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, Serikali ilibaki na asilimia 35 na Vodafone asilimia 40. Anayetoa leseni ni mgawa faida pia. Benki na telegrafu, ndugu zangu: vitu vilevile ambavyo hati ya 1888 ilisema havihesabiwi kuwa ukiritimba, sasa vimekaa ndani ya chombo kimoja kinachotoshea mfukoni. Tofauti, na ni kubwa, ni kwamba siku hizi kuna sheria ya kuikemea kampuni na ofisi ya kuitekeleza. Zipo kwa sababu watu walizidai.

Nimefika Mui. Najua wengine mmekuja kwa ajili ya hili tu.

Bonde la Mui, katika Kaunti ya Kitui, lina makaa ya mawe, na Serikali ililigawa vitalu vinne: Zombe na Kabati, Itiko na Mutitu, Yoonye na Kateiko, Isekele na Karunga. Desemba 2013 ilitiwa sahihi makubaliano na kampuni ya Kichina ya Fenxi Mining juu ya vitalu viwili vya mwisho. Wenyeji walikwenda mahakamani, wakilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliyakataa maombi yao. Nimeisoma hukumu ile mara nyingi. Walioshindwa waliondoka na kitu ambacho hawakukiona siku ile, kwa maana mahakama iliandika vigezo vya ushirikishwaji ambavyo vimetumiwa katika kesi nyingi nchini tangu hapo: kwamba wananchi wapewe habari za kutosha, kwamba mashauriano yawe ya nia njema, kwamba makundi yote yafikiwe, na kwamba wale watakaoumia zaidi wasikike zaidi. Zaidi ya miaka 10 ilipita tangu sahihi ile, na makaa hayakuchimbwa.

Mtu wa mjini atasema: basi hakuna aliyeumia. Haelewi. Mtu akiambiwa kwamba shamba lake limelala juu ya makaa na kwamba atahamishwa, hajengi nyumba ya matofali, hapandi miembe ambayo itazaa baada ya miaka mitano, haongezi darasa katika shule ya kijiji. Kijana anaoa huku akijiuliza ajenge wapi. Hii ndiyo nguvu ya karatasi ambayo haijatumika: inashika ardhi bila kuigusa. Wanakijiji wanakuwa wapangaji katika urithi wa babu zao, wakimngoja mwenye nyumba ambaye hajafika.

Siipingi kila migodi. Nasema kwamba Katiba ya 2010, katika Ibara ya 71, inataka makubaliano ya kutumia maliasili yaidhinishwe na Bunge, na kwamba Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali. Kuandika si kulipa. Huko Kwale madini ya titani yalianza kusafirishwa mwaka 2014 na uchimbaji ukakoma Desemba 2024, na wenyeji walikaa miaka mingi wakiidai sehemu yao ya 10. Kama Kwale waliokuwa na mgodi walingoja hivyo, Mui waanze kuuliza kabla ya tingatinga kufika.

Hapa Makueni tuna mfano wa upande wa pili, nao ni mchanga. Kwa miaka mingi malori yalibeba mchanga wa mito yetu kwenda kujenga Nairobi, visima vikakauka, na damu ikamwagika. Mwaka 2015 kaunti ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda mamlaka ya kuisimamia. Haijamaliza wizi. Lakini mara moja karatasi iliandikwa na watu wanaokunywa maji ya mto huo, na inaonekana katika maneno yake.

Nilisema nitarudi kwenye nafasi tupu ya jina la mzee. Mkulima mmoja wa ndengu aliniletea ofisini mkataba aliowekewa kidole gumba na mnunuzi ambaye sitamtaja. Kurasa tisa za Kiingereza. Ndani yake mkulima aliahidi kumuuzia mnunuzi huyo peke yake kwa misimu mitatu. Mnunuzi hakuahidi kununua. Bei ingetangazwa siku ya kupima. Jina la mkulima lilikuwa limejazwa kwa kalamu katika nafasi iliyoachwa. Alipoambiwa na mwingine kwamba sokoni kuna bei nzuri zaidi, alitishiwa mahakama. Nilimweleza kwamba tangu mwaka 2019 Sheria ya Ushindani ina kifungu cha 24A, kinachokataza mnunuzi mwenye nguvu kumwonea muuzaji, na kwamba kifungu hicho kimetumika hata dhidi ya wenye maduka ya Carrefour nchini, walioamriwa mwaka 2020 kubadili mikataba yao na wauzaji baada ya mtengeneza mtindi mmoja kulalamika. Mtengeneza mtindi mmoja, si umati! Barua moja ilitosha kumfanya mnunuzi wetu alegeze kamba. Nadhani hakutarajia kwamba kuna mtu atakayesoma hadi ukurasa wa tisa.

Kwa hiyo naleta ombi moja, nalo ni dogo kuliko maandamano ya 1938. Kabla ya mkutano wowote wa kushauriana nanyi, uwe wa madini, mchanga, maji au kiwanda, msikubali kuketi kwenye viti vya plastiki na kunywa soda kabla ya kuuona mkataba wenyewe. Muhtasari hautoshi, wala picha ukutani. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na ofisa anapaswa kumwandikia. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa mnaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Mkinyimwa au mkinyamaziwa, mna siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Kiutawala, ile tuijuayo kwa jina la Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Andikeni tarehe mliyopeleka barua, na mgonge muhuri wa mapokezi kwenye nakala mnayobaki nayo. Bila muhuri huo watasema hawakuiona.

Parokia na makanisa yana mihuri, yana makatibu, yana kabati zenye kufuli. Ni mahali pema pa kuhifadhi nakala hizo, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji hubadilika na karatasi hupotea naye. Kila kijiji cha Mui kingekuwa na faili lake kanisani, mazungumzo na kampuni yoyote ijayo yangekuwa ya namna nyingine.

Barua ya mfano imeandaliwa, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, ikiwa na nafasi tupu ya jina. Nafasi hiyo mtaijaza wenyewe. Nakala ziko kwa katibu, pale karibu na mlango.